Kizinda, Damu na Heshima ya Mwanamke

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Ama baad. Ndugu zetu wa pwani walioko huku Ihembe, katika Karagwe, hutuuliza mara nyingi khabari za bikira. Katika kujifunza dini hakuna haya. Na kwa kutojua jambo hili wake wameachwa asubuhi ya arusi na majina yao yamechafuliwa bure.

Suali: Kizinda ni nini?

Jawabu: Ni ngozi nyembamba iliyo karibu na mlango wa tupu ya mwanamke. Si kifuniko kizibacho njia yote. Lau ingekuwa hivyo, damu ya hedhi ingepita wapi? Tena maumbile hayalingani: wako wenye kizinda kinene, wako wenye kizinda chenye kuvutika, na wako waliozaliwa nacho kidogo mno. Aliyezibwa kabisa ni nadra, naye huumwa na tumbo kila mwezi asione damu. Huyo apelekwe kwa tabibu.

Suali: Je, bikira hana budi kutoka damu usiku wa kwanza?

Jawabu: La. Wako watokao damu na wako wasiotoka, na wote hawajaguswa na mtu. Basi kutandika kisarawanda, kisha kungwi akangojewa atoke nacho, ni mila, si sharia. Wala mkunga au tabibu hawezi kumjua bikira kwa kumtazama. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa uchunguzi huo hauna msingi katika ilimu, nao ukomeshwe.

Suali: Wanavyuoni wetu wasemaje?

Jawabu: Imamu Nawawi katika Minhaj, alipotaja idhini ya mwanamke katika ndoa, ameeleza kuwa mtu huwa thayibu, yaani mke mkuu, kwa kuingiliwa. Ama aliyeondokewa na kizinda kwa kuanguka na mfano wake, kauli iliyo sahihi zaidi ni kuwa hukumu yake ni ya bikira. Basi hukumu hufuata tendo, haifuati ngozi.

Suali: Mume asiyeona damu afanyeje?

Jawabu: Amdhanie mkewe mema, na auzuie ulimi wake. Amsingiziaye zinaa mwanamke aliyejihifadhi, asilete mashahidi 4, Sura ya Nur imemhukumia mapigo 80, na ushahidi wake hukataliwa. Mume naye yumo katika hukumu hiyo, illa ale kiapo cha liani na kujiapiza laana ikiwa ni mwongo. Na kitambaa cheupe hakihesabiwi katika mashahidi wale.

Tena, ndugu yangu, zingatia: katika Sura hiyo hiyo wanaume wameamrishwa kuhifadhi tupu zao kabla ya kuamrishwa wanawake, wala hakuna mwanamume aliyetandikiwa kisarawanda. Basi kila mmoja na aanze kwa nafsi yake.

Wallahu aalam.