Dede, Tata, na Moto wa Jikoni

Katika lugha yetu, mtoto asimamapo mara ya kwanza bila ya kushikwa husemwa amesimama dede, na atupapo hatua zake za mwanzo huku akiyumba husemwa aenda tata. Wazee waliotuachia maneno haya walikuwa wakimtazama mtoto kwa makini. Sisi leo twampiga picha, kisha twamrudisha kiunoni.

Darasa letu hili lahusu umri huo mfupi, tangu mtoto kushika ukingo wa kitanda mpaka kuvuka ua peke yake. Huenda baadhi ya ndugu zetu wakasema kwamba haya ni mambo ya wanawake, na kwamba halaka yetu ina masuala makubwa zaidi ya kusomesha. Nasi tulikuwa na fikra hiyo hiyo, mpaka tulipofika Ngaremara.

Ngaremara iko kaskazini ya mji wa Isiolo, kando ya barabara kuu iendayo Archer's Post na Marsabit mpaka Moyale. Wakazi wake wengi ni Waturkana. Jina lenyewe limeanza kwa neno la Kimaa, ngare, yaani maji, ingawa maji ndiyo kitu kitafutwacho kwa taabu huko. Nchi ni kavu, ya migunga na vumbi, mbuzi na ngamia. Na tangu barabara ile ilipotiwa lami, magari hupita kwa kasi. Tulikwenda kumzuru binti wa jamaa yetu, mtu wa Mombasa, ambaye mumewe ni mwalimu huko. Walikuwa na mtoto mmoja wa kiume, umri wake miezi kumi na minne, na mtoto yule alikuwa hajatupa hatua hata moja.

Mama yake alikuwa na huzuni. Jirani yake, mama wa Kiturkana, alikuwa na binti mdogo wa miezi kumi na mmoja, naye alikuwa akienda tata uani tangu siku nyingi. Kila asubuhi mama yetu huyu alimwona binti yule akipita mbele ya mlango, akarudi ndani akamtazama mwanawe. Bibi ya mtoto kwa simu kutoka pwani alikwisha kutoa hukumu: mtoto amepatwa na jicho. Akaleta hirizi kwa gari la abiria, ikafungwa kifundoni pa mguu kwa uzi mweusi. Shangazi naye, kwa mapenzi yake, akaleta kiti cha plastiki chenye magurudumu, ambacho mtoto hutiwa ndani yake, miguu ikaning'inia na kugusa chini, akawa azunguka nacho nyumba nzima.

Tulikaa siku tano. Siku ya pili tulianza kumwangalia mtoto yule tangu alfajiri hata kulala kwake, wala halikuwa jambo gumu, kwani twaliketi tu. Asubuhi alikuwa kitandani. Kisha kiunoni mwa mama. Kisha kwenye kiti chake cha magurudumu. Kisha mapajani mwa baba, aliporejea skuli. Kisha mgongoni mwa yaya, katika mbeleko. Chini, juu ya ardhi aliyoiumba Mwenyezi Mungu ili viumbe waitembee, hakuwekwa ila muda wa kubadilishwa nguo. Tulipouliza sababu, tuliambiwa: vumbi, nge, na miiba ya migunga. Sababu zote tatu ni za kweli. Lakini binti wa jirani aliishi katika vumbi hilo hilo. Mama yake alikuwa amefagia kipande cha ua kisichozidi mikeka miwili, akakitazama vizuri, akamwacha humo siku nzima. Dada zake wakimshika mikono wakamvuta, wakimwachia akaanguka, wakicheka, naye akicheka.

Basi tukaona kwamba mtoto wetu hakupungukiwa na mifupa wala hakupigwa na jicho. Alipungukiwa na sakafu.

Wala hili si dhana yetu sisi tu. Katika nchi hii hii ya Kenya, mtaalamu mmoja wa Kimarekani, Charles Super, aliwatazama watoto wachanga wa Kipsigis katika kijiji cha Kokwet, akachapisha khabari zao mwaka 1976. Watu wa Ulaya na Marekani walikuwa wamekwisha kuandika kwamba watoto wa Kiafrika huwahi kuliko watoto wao, na wengine wakidhani ni jambo la damu. Super alikuta kwamba kina mama wa Kokwet huwafundisha watoto wao kukaa kitako na kwenda, kwa makusudi, kila siku, kama sisi tufundishavyo alifu na bee. Katika mambo hayo waliyofundishwa, watoto waliwatangulia wenzao wa Marekani. Ama kutambaa, ambako hakuna aliyewafundisha, hawakumtangulia mtu. Damu ni ile ile na mtoto ni yule yule. Tofauti ilikuwa ni kazi ya mama na ya wale walio nyumbani pamoja naye.

Lakini mtu asifahamu kwamba kuwahi ni fakhari na kuchelewa ni aibu. Shirika la Afya Duniani liliwafuata watoto wenye afya zaidi ya 800 wa nchi tano, na Oman, walikojaa jamaa zetu, ilikuwa mojawapo. Matokeo yalitolewa mwaka 2006. Iligunduliwa kwamba watoto wazima, wasio na ila yoyote, huanza kwenda peke yao baina ya miezi 8 na miezi 17 na nusu hivi. Tazameni upana wa njia hiyo! Ni zaidi ya miezi tisa. Na wapo wapatao 4 katika kila 100 ambao hawakutambaa kwa magoti kabisa, wakaruka daraja hiyo wakasimama. Basi mtoto wa miezi kumi na minne asiyekwenda yu ndani ya njia, hajatoka. Mama zetu huulizana katika harusi na matanga, "Wako aenda?" na katika suali hilo dogo mwanamke mwenzao hukosa usingizi mwezi mzima. Twawaomba waliache.

Miguu iliyopinda kidogo nayo isiwatishe watu. Watoto wengi huanza kwenda na matege, na huyapoteza wenyewe wakaribiapo miaka miwili. Matege yasiyoondoka, au yazidiyo, hilo ni jambo jingine. Mifupa yataka chakula na yataka jua, na katika majumba yetu ya mjini, yenye vichochoro vyembamba na madirisha ya kufungwa, wako watoto wasioliona jua ila siku ya kliniki.

Apelekwe kwa daktari mtoto aliyefika miezi 18 asiende. Na aliyefika miezi 9 asiweze kukaa kitako. Na atumiaye mkono mmoja au mguu mmoja tu akauacha mwenziwe. Na khasa yule aliyekuwa akifanya jambo kisha akaliacha. Kitabu wapewacho kina mama kliniki kina mahali pa kuandikiwa hatua hizi. Katika nyumba nyingi tulizoingia, kitabu hicho kimefungwa kabatini pamoja na hati za kiwanja.

Sasa tuje kwenye kile kiti cha magurudumu, maana ndicho kilichotutia kuandika.

Siku ya nne, baada ya laasiri, tulikuwa tumekaa ukumbini watu wazima wanne. Chai ya maziwa ilikuwa juu ya jiko la makaa, hatua chache kutoka tulipoketi, karibu na mlango wa uani. Tulikuwa tukizungumza, na tunaona haya kueleza kwamba mazungumzo yetu yalikuwa juu ya malezi. Mtoto alikuwa kwenye kiti chake. Akajisukuma mara moja kwa ncha za vidole, gurudumu likateleza juu ya saruji, na kabla ya mmoja wetu kuinuka alikuwa amefika jikoni, akashika mpini wa sufuria.

Ilimwagika juu ya mkono wake wa kushoto, kutoka kiganja hata karibu na kiko. Kilio kile bado twakisikia.

Mmoja wetu akakimbilia dawa ya meno. Mwengine akasema samli. Mama wa Kiturkana alisikia kelele, akaingia na dumu lake la maji, akaushika mkono wa mtoto akaanza kumimina, hasemi neno. Ndivyo ifaavyo. Maji safi ya baridi, yasiyo barafu, yapitishwe juu ya mahali palipoungua kwa muda wa dakika 20, na nguo na bangili zivuliwe kabla ya kuvimba. Dawa ya meno, samli, yai na unga huziba joto ndani na huingiza uchafu. Dumu lile lilikuwa maji yake ya kupikia usiku ule. Lilipokwisha tukamimina yetu, kisha tukamfunika mtoto mkono kwa kitambaa safi, tukampeleka zahanati. Alhamdulillahi, ngozi ya juu tu ndiyo iliyoungua, ila kiganjani palipobaki kovu.

Twasema kwa uwazi: kosa lilikuwa letu sisi tuliokaa, si la mama, aliyekuwa akisali. Lakini kiti nacho kina sehemu yake. Mtoto atambaaye hufika kwenye moto polepole, na mkubwa hupata wakati wa kumwahi. Mtoto aliyetiwa magurudumu hupewa mwendo wa mtu mzima na akili ya mtoto. Kanada ilipiga marufuku kuuzwa kwa viti hivyo mwaka 2004, kwa sababu ya watoto walioporomoka navyo katika ngazi. Fikirini ngazi zetu za Mji wa Kale wa Mombasa, na za Lamu, na za Mji Mkongwe wa Unguja! Wala havimfundishi mtoto kwenda. Humzoeza kusukuma kwa ncha za vidole, hali ameshikiliwa, haoni miguu yake, wala hajifunzi kuanguka.

Na kuanguka ndiko masomo yenyewe. Wataalamu wa New York walihesabu, wakatoa hesabu yao mwaka 2012: mtoto aanzaye kwenda, akiachiwa acheze, hutupa hatua zaidi ya 2,000 kwa saa moja, na huanguka mara 17. Mara 17 kwa saa! Katika kila moja hujifunza mahali pa kuweka unyayo. Sisi twamnyanyua ya kwanza, twamwambia "pole, pole," twaipiga sakafu ati imemkosea, tukambeba. Miguu mitupu ndani ya nyumba humfaa kuliko viatu, kwani kidole hushika ardhi. Nje penye miiba avikwe makubadhi mepesi.

Kazi ya wakubwa basi si kumzuia asianguke. Ni kuondoa vile ambavyo akivifikia hakuna mara ya pili. Moto uzungushiwe au uinuliwe, na mipini ya sufuria igeuzwe ukutani. Ndoo ya maji ifunikwe, kwani mtoto hufa maji katika kina kisichofika shibiri moja, akiingia kichwa mbele. Mafuta ya taa yasitiwe katika chupa ya soda. Mtoto ajua chupa ya soda ina nini, wala hajui kwamba nyinyi mmeibadilisha. Akiyanywa, asitapishwe, apelekwe hospitali mbio. Na penye barabara kama ya Ngaremara, ua uwe na mlango.

Ama ile hirizi, tulizungumza na bibi kwa simu, kwa adabu impasayo, maana nia yake ilikuwa njema na machozi yake yalikuwa ya kweli. Tulimkumbusha kwamba Mtume (s.a.w.) alikataza kutundika vitu vya namna hiyo na kuvitegemea, na kwamba dua yake yeye mwenyewe, mwanamke mzee aamkaye usiku, ni karibu zaidi kuliko uzi ulionunuliwa. Akanyamaza kitambo. Kisha akauliza kama mkono wamwuma mtoto bado.

Na kwa wanaume wenzetu wasemao kwamba haya si yao, twawakumbusha khabari iliyopokewa na Tirmidhi na wengineo. Mtume (s.a.w.) alikuwa juu ya mimbari akikhutubu, wakaja wajukuu zake, Hasan na Husein, wamevaa kanzu nyekundu, wakienda na kujikwaa. Akakata khutba. Akashuka, akawachukua, akawaweka mbele yake, akawaeleza watu kwamba alipowaona watoto wakijikwaa hakuweza kusubiri. Sisi tulikuwa na birika la kahawa tu mbele yetu, wala hatukuinuka.

Siku ya tano kiti kiliondolewa magurudumu, kikawa kikapu cha nguo. Mwalimu alifagia kipande cha ua kwa mkono wake, akakitafuta miiba mara mbili, akapanga matofali kukizunguka jiko. Mtoto aliwekwa chini, mkono wake umefungwa kitambaa. Alilia muda mrefu. Binti wa jirani akaja akamtazama, akakaa kitako mbele yake.

Wiki ya sita tulipata simu. Walikuwa wamempa benchi la kushikia, akawa alizunguka kutwa. Asubuhi ile mbuzi wa jirani aliingia uani akaanza kula majani ya mwarubaini, na mtoto aliliachia benchi akamwendea, hatua nne, ya tano akaanguka kifudifudi. Mama yake alikuwa mlangoni. Asema alijizuia asimkimbilie mpaka alipoinuka mwenyewe.