Jinsi ya kuwaeleza wanafunzi alama ya = katika Python

Ukiwaandalia vijana wa Butembo au Beni karatasi za kujifunza kuandika programu za kompyuta, ukurasa utakaowasumbua mapema ni ule wa alama ya =. Shuleni wamezoea kwamba pande zake mbili ni sawa. Katika Python kazi yake ni nyingine: huchukua kilicho kulia na kukipa jina lililo kushoto. Jina hilo huitwa kigeu, kwa sababu kilichomo chaweza kubadilishwa.

Uanzie wapi? Andika umbo lenyewe, jina = hesabu, na hapo hapo useme kwamba upande wa kulia ndio hufanyiwa kazi kwanza. Usipolisema hilo, kilo = kilo + 10 itaonekana upuuzi, maana darasani hakuna namba iliyo sawa na yenyewe ukiiongezea 10.

Kisha weka mfano wa mambo wanayoyaona. Huyu ni mnunuzi wa kakao Beni, bei ni ya kubuni, kwa dola:

bei = 3
kilo = 50
jumla = bei * kilo
bei = 4
print(jumla)

Jibu ni 150. Aliyezoea Excel atangoja 200, maana kule ukigusa bei, jumla nayo hubadilika. Hapa mstari wa jumla ulishamaliza kazi yake kabla bei haijapanda. Anayetaka jumla mpya aurudie mstari huo. Maelezo haya usiyaache, hata karatasi ikijaa.

Kuna mtego mwingine unaotuhusu sisi tuliosoma kwa Kifaransa. Dola tatu na nusu tunaiandika 3,5. Ukiandika bei = 3,5 Python hailalamiki: inahifadhi namba mbili, 3 na 5. Ukizidisha kwa kilo 50 utapata msururu wa namba 100, wala si 175. Nukta ndiyo inayotakiwa: 3.5.

Onyesha pia makosa yenyewe. 50 = kilo huleta SyntaxError, yaani sentensi imeandikwa vibaya. Kutumia jina ambalo bado halijapewa kitu huleta NameError.

Gharama? Python yenyewe ni bure; utalipia mega za intaneti tu unapoipakua. Asiye na kompyuta aweke Pydroid 3 kwenye simu ya Android, nayo hufanya kazi bila mtandao. Mwongozo rasmi uko docs.python.org (alama ya = imeelezwa katika Language Reference, sehemu ya 7.2), na upo pia kwa Kifaransa, ingawa si kila ukurasa umetafsiriwa. Waweza kuupakua wote mara moja, ukaugawa kwa flashi.

Kabla hujachapisha, mpe karatasi mtu asiyejua programu, aandike mifano yako herufi kwa herufi huku wewe umenyamaza. Pale atakapokwama, andika upya.