SOMO LA AFYA: Tuangalie Nywele Kabla ya Kupaka Dawa



Somo hili tumelifanya na vikundi vya Kangemi na Kawangware, upande wa magharibi wa Nairobi. Akina mama wakatuomba tuliandike ili na ninyi mlio mashambani mlipate. Mmoja asome kwa sauti, wengine wasikilize, halafu mzungumze.

Kisa

Mama mmoja wa kikundi alikuwa na msichana wa miaka saba aliyetokwa na kipara kidogo kichwani. Jirani akamwambia, "Hiyo ni mashilingi, wewe paka mafuta tu." Akapaka. Kwa miezi minne alinunua dawa za kupaka huko mjini, mpaka pesa alizokopa kikundini zikaisha. Kipara kimoja kikawa vitatu. Halafu pakavimba, pakatoa usaha. Mtu akasema ni jipu, likapasuliwa.

Tulipomfikisha kwa daktari wa ngozi, huyo hakukimbilia dawa. Alitoa kifaa kidogo kama tochi, akachungulia nywele moja moja. Kumbe yalikuwa mapunye kweli. Jirani alijua jina la ugonjwa, lakini dawa siyo. Msichana amepona, ila pale palipopasuliwa nywele hazioti tena.

Kifaa chenyewe

Kinaitwa demoskopu. Ni lenzi yenye taa, na hukuza kitu kama mara 10. Hakichomi wala hakitoi damu. Daktari hukiweka juu ya ngozi, pengine na tone la mafuta ili ngozi ising'ae. Anachotafuta ni umbo la nywele zilizobaki, kwa maana vipara vinaweza kufanana, lakini nywele za pembeni hutofautiana.

Nywele zinasema nini?

*1. Mapunye, ama mashilingi.* Huu ni ukungu. Unaingia ndani ya nywele yenyewe, unaila, nayo inakatika na kupinda. Chini ya lenzi utaona vinywele vifupi vilivyopinda kama alama ya koma, na vingine vimejisokota kama springi. Alama ya koma madaktari waliiandika mwaka 2008. Ile ya springi iliandikwa mwaka 2011, baada ya kuangalia watoto weusi. Mtu atauliza, "Si nywele zetu zote zimejisokota?" Ndiyo, lakini yenye afya ni ndefu na nzima, hii ya ugonjwa ni kipande kilichokatika karibu na ngozi. Mara nyingi pia kuna magamba.

Kwa sababu ukungu umo ndani ya nywele, mafuta ya kupaka peke yake hayaufikii. Mtoto anahitaji dawa ya kumeza kwa wiki kadhaa, kama vile griseofulvini, ambayo hufanya kazi vizuri ikimezwa pamoja na chakula chenye mafuta. Akishaanza dawa anaweza kurudi shuleni. Wakaguliwe na ndugu zake pia.

*2. Kipara laini cha ghafla.* Hapa hakuna magamba. Pembeni kuna vinywele vyembamba chini na vinene juu, kama alama ya mshangao. Kinga ya mwili imegeuka ikashambulia mizizi ya nywele. Haiambukizi, wala si kurogwa. Mtoto huyu asitengwe na wenzake.

*3. Nywele zilizovutwa.* Hii ni yetu akina mama. Ukisukwa matuta ya kubana sana, pawe ni Kenyatta Market ama kwa jirani, nywele za paji la uso na kando ya masikio huanza kurudi nyuma. Unabaki ukingo wa vinywele vyembamba mbele. Lenzi huonyesha vifuko vyeupe vilivyozunguka nywele, vinavyoteleza ukivisukuma. Ukiacha kuvuta mapema, nywele hurudi. Ukichelewa, vitundu vya nywele hufungika, ngozi inakuwa laini kabisa, na hapo hakuna mafuta yatakayoziotesha.

Tufanye nini?

Kikundi hakihitaji kununua demoskopu. Mpeleke mtoto juani, gawanya nywele, tazama kwa kioo cha kukuza kama mnacho. Ulizeni: kuna magamba? Nywele zimekatika? Panauma? Lakini tusijifanye madaktari. Vidoa vyeusi, kwa mfano, huonekana kwenye mapunye na pia kwenye kipara laini. Wakati mwingine lazima nywele ipimwe maabara.

Anzeni na kituo cha afya kilicho karibu. Ulizeni kama kuna afisa wa kliniki aliyesomea ngozi. Tangu 1992 chuo cha ngozi kilichoko KCMC, Moshi, Tanzania, kimefundisha watu kutoka nchi nyingi za Afrika.

*Uvimbe laini wenye usaha kichwani mwa mtoto usipasuliwe nyumbani.* Huenda ni mapunye yaliyokasirika. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, maana kovu halina dawa.

Walio na kinyozi ama saluni ya kikundi: ondoeni nywele kwenye mashine na vitana, kisha safisheni kwa dawa ya kuua vijidudu kila baada ya mteja. Msusi naye, mteja akisema "inauma", alegeze. Mteja akipoteza nywele, hata biashara inapotea.

Maswali ya kuzungumzia

1. Kwetu mtoto akipata kipara, tunamwendea nani kwanza? Kwa nini?
2. Yule mama alitumia pesa miezi minne. Kikundi kingemsaidiaje wiki ya kwanza?
3. Wasusi wetu wanakubali kulegeza? Wateja je?
4. Kuna mtoto jirani aliyetengwa kwa sababu ya kichwa chake? Nani atamtembelea wiki hii?

Andikeni mliyokubaliana kwenye kitabu cha kikundi, na jina la atakayeyafuatilia. Tukija tena tutauliza.