Kabla Hujatoga Pua

Jamani, kila muhula hapa Uingereza wenzangu wananiuliza: "Nitoge pua?" Mimi sikatazi, ila fikirieni haya.

1. Uliza kwenu kwanza. Shangazi yangu alitoga sikio tu, kovu likavimba kama zabibu. Hiyo ni keloidi. Sisi weusi huipata zaidi, tena hufuata ukoo, na ikikatwa mara nyingi hurudi.

2. Fundi awe amesajiliwa na halmashauri, afungue sindano mpya mbele yako. Sindano chafu huambukiza homa ya ini. Bunduki ya kutogea masikio haifai puani.

3. Ndewe hupona wiki 6 hadi 8, kitovu hata mwaka. Kidonda kibichi usikipeleke baharini wala bwawani.

Kipini utakivua siku yoyote, kovu je?