Mahari ni ya Nani?

Katika kila umma mali hutembea siku ya ndoa, ila haishiki njia moja. Kwa Wakikuyu, mbuzi na ng'ombe hutoka kwa mume na kwenda kwa jamaa za mke. Kwa wengi wa watu wa India ni kinyume: baba wa binti ndiye atoaye, hata akakopa na kuuza shamba ili bintiye apate kuolewa. Serikali ya huko iliyakataza hayo kwa sheria ya mwaka 1961. Desturi haikufa, na Waislamu wa huko nao wamo.

Sheria yetu haikufuata hiyo wala hiyo. Mahari hutoka kwa mume na kuwa milki ya mke mwenyewe. Si ya baba, si ya mama, wala si ya mjomba aliyesimamia posa. Sura ya An-Nisaa, aya ya 4, yaamrisha wake wapewe mahari yao, na mume asile humo ila walichomwachia kwa ridhaa ya nafsi zao.

Sasa natutazame miji yetu. Kuna kilemba cha baba, mkaja wa mama, na kipamkono. Hizo ni zawadi, na mwenye kutoa kwa hiari yake na atoe. Lakini twawauliza wazee wetu: mahari ikitajwa mbele ya mashahidi kuwa shilingi elfu sitini, kisha elfu hamsini zikaingia katika kilemba, mapambo na pilau, bibi arusi amepewa nini? Amepewa karamu waliyokula majirani! Na walima ni juu ya mume: Mtume (S.A.W.) alimwambia Abdulrahman bin Auf afanye walima, ijapokuwa kwa mbuzi mmoja.

Wako wadhanio kuwa heshima ya binti ni wingi wa mahari. Falme za Kiarabu, pamoja na utajiri wao, mwaka 1997 zilitoa sheria ya kuiwekea mpaka, kwa kuwa vijana walishindwa kuoa.

Kuna na ile mahari iliyoahirishwa, ambayo huandikwa kisha ikasahauliwa. Mume akifa hajailipa, hiyo ni deni. Hutolewa katika mali yake kabla ya kugawanywa urithi, kisha mjane huchukua fungu lake la mirathi vilevile: thumuni ikiwa marehemu ameacha watoto, robo ikiwa hakuacha. Mjane asiyejua haya na aende kwa kadhi na cheti chake cha ndoa, kabla mali haijagawanywa.