Neno Moja, Kazi Nne

Wenzangu wa elimu, tuanze na swali la sayansi la kidato cha kwanza: "State three states of matter." Mwanafunzi anajua vizuri kwamba kuna yabisi, kimiminika na gesi, alisoma shule ya msingi kwa Kiswahili. Lakini kama alikaririshwa kwamba "state" ni hali, basi, neno la kwanza tu la swali linamkwamisha. Kumbe pale mwanzoni ni kitenzi: taja. Alama zinapotea, na sayansi anaijua.

Kwa hiyo aina za maneno si kazi ya mwalimu wa Kiingereza peke yake. Wewe wa Fizikia na wewe wa Jiografia, hili linawahusu.

Shida inaanzia kwenye mazoea yetu. Kiswahili huyavalisha maneno sare. Ukiona "wanafunga", viambishi vinakuambia hicho ni kitenzi. Ukiona "mfungo", unajua ni nomino. Kiingereza mara nyingi hakina sare hiyo. Angalia "fast":

1. Muslims fast in Ramadan.
2. The fast ends at sunset.
3. Asha has a fast car.
4. Asha runs fast.

Sura ni ileile, kazi ni nne. Basi usiulize "fast ni neno gani?" Uliza "hapa linafanya kazi gani?" Kisha lipime.

Kitenzi: irudishe sentensi nyuma, iwe ya mwaka jana. "Muslims fasted." Neno limebadilika kufuata wakati, basi ni kitenzi.

Nomino: jaribu wingi. "The fasts end at sunset." Limekubali, na mbele yake lina "the". Ila hapo kuna mtego: katika sentensi ya tatu "a" imesimama jirani na "fast", lakini ni ya "car". Ukikutana na "a" au "the", endelea kusoma mpaka umpate mwenyewe.

Kivumishi: kinasema nomino ikoje. Weka kingine mahali pake, "a red car", na sentensi inasimama.

Kielezi: uliza "anakimbiaje?" Jibu linakihusu kitenzi, halimhusu Asha.

Na tusiwadanganye watoto kwamba kila neno linaloishia na -ly ni kielezi. Katika "a friendly teacher", "friendly" ni kivumishi, maana linamweleza mwalimu.

Sasa rudi kwenye swali letu. "State" ya kwanza inaanzisha amri, na ukiipeleka jana inakuwa "She stated". Kitenzi. Ya pili imetanguliwa na "three" na imebeba -s ya wingi. Nomino. Imeisha hiyo.

Jipime na hii: "The old well works well." La kwanza ni kisima, nomino, la pili ni vizuri, kielezi. Kama umepata lakini huwezi kusema kwa nini, umebahatisha.

Tukienda kwenye mazoezi ya kufundisha, tusijaze ubao orodha za nomino za kukariri. Tuandike sentensi, tupigie mstari neno moja, na mwanafunzi akishajibu tumuulize: "Umejuaje?" Siku ya mtihani hatakuwa na orodha mkononi, ila sentensi atakuwa nayo.