Nguruwe akifa ghafla: taarifa inavyotoka bandani hadi maabara

Ufuatiliaji wa magonjwa ya nguruwe nchini Tanzania huanza kwa mtu anayeingia bandani alfajiri na ndoo ya pumba. Yeye ndiye wa kwanza kumwona jike aliyekataa chakula, au vitoto viwili vilivyokufa usiku mmoja. Sheria, maabara na wataalamu wa wizara huja nyuma yake, na kazi yao hutegemea kama siku hiyo atampigia simu afisa mifugo au atamwita mchinjaji.

Uamuzi huo huwa mgumu zaidi kati ya Oktoba na Desemba. Bei ya kitimoto hupanda kuelekea Krismasi na Mwaka Mpya, na wachuuzi huzunguka vijijini kukusanya nguruwe. Wanyama wa mabanda mengi hujikuta katika gari moja, na madume ya mbegu huazimwa huku na huko. Ugonjwa uliokuwa umejificha katika kijiji kimoja hupata usafiri wa bure.

Ugonjwa unaosakwa kuliko yote ni homa ya nguruwe ya Afrika. Ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1921 na daktari wa mifugo Eustace Montgomery, kutokana na vifo vya nguruwe wa walowezi nchini Kenya. Nguruwe hao wa asili ya Ulaya walikufa karibu wote. Ngiri hubeba virusi vya ugonjwa huu bila kuugua, na papasi wanaoishi katika mashimo ya ngiri huvitunza kwa miaka. Lakini virusi vikishaingia kwa nguruwe wa kufugwa, havimhitaji tena ngiri wala papasi. Huhama kwa damu, mate, kinyesi, nyama, viatu, kamba na sakafu ya gari. Binadamu haambukizwi, na hapo ndipo pana mtego: kwa kuwa mlaji hadhuriki, nyama ya nguruwe mgonjwa huuzwa kwa wepesi, kisha mabaki yake hurudi bandani kama makombo.

Kuanzia maambukizi hadi dalili hupita siku 4 hadi 19. Joto la mwili hupanda hadi nyuzi 40 au 42, mnyama huacha kula na hujikusanya na wenzake kama anayesikia baridi. Ngozi ya masikio, tumbo na miguu huwa nyekundu, kisha huelekea rangi ya zambarau. Inaonekana vizuri kwa nguruwe weupe, na kwa weusi ni rahisi kuikosa. Majike wenye mimba huitoa. Wengine hutoa damu puani au kwenye kinyesi. Wengine hufa kabla mtu hajaona lolote. Sindano ya antibayotiki ambayo wafugaji wengi huikimbilia haiui virusi, na ikichomwa kwa sindano ileile banda zima, yenyewe huwa njia ya kuambukiza. Dawa hakuna, na mfugaji wa Tanzania hana chanjo ya kutegemea. Nchini Vietnam chanjo zimeanza kuruhusiwa miaka ya karibuni, lakini hilo halibadilishi chochote katika banda la wilayani Mbozi msimu huu.

Namna ugonjwa unavyofuata barabara ilionekana wazi mwaka 2010. Ulivuka kutoka wilaya ya Karonga, kaskazini mwa Malawi, ukaingia Kyela mkoani Mbeya. Mapema mwaka 2011 ulikuwa umefika Dar es Salaam. Ngiri hakutembea kutoka Kyela hadi Dar es Salaam, nguruwe walisafirishwa. Uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kuwa virusi hivyo ni vya kundi la pili, kundi lilelile lililoingia Georgia mwaka 2007 likitokea kusini-mashariki mwa Afrika na kufika China mwaka 2018. Kulinganisha vinasaba namna hii ni sehemu ya ufuatiliaji ambayo mfugaji haioni, lakini ndiyo inayowaambia wataalamu kama mlipuko mpya umetoka porini, umevuka mpaka, au ni ule wa zamani ambao haukuzimwa vizuri.

Msingi wa kisheria ni Sheria ya Magonjwa ya Mifugo Na. 17 ya mwaka 2003. Homa ya nguruwe ya Afrika imo katika magonjwa ambayo mwenye mnyama analazimika kuyatolea taarifa anapoyashuku tu, hasubiri kuthibitisha. Taarifa huanzia kwa afisa mifugo wa kata, na asipopatikana hupitia kwa mtendaji wa kijiji au mtaa. Kutoka hapo huenda kwa Daktari wa Mifugo wa Wilaya, kisha kwa Mkurugenzi wa Huduma za Veterinari wizarani. Tanzania nayo, kama mwanachama wa Shirika la Afya ya Wanyama Duniani lenye makao yake Paris, hutoa taarifa za magonjwa ya aina hii kimataifa. Siku hizi sehemu ya safari hiyo hupita kwenye simu. Programu ya EMA-i ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) na ile ya AfyaData, iliyobuniwa na wataalamu walioko Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo mjini Morogoro, humwezesha mtaalamu wa kata kutuma idadi ya wagonjwa na vifo pamoja na eneo lenyewe akiwa bado uwanjani.

Simu haipimi damu, hata hivyo. Uthibitisho hutoka kwa Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, wenye maabara kuu Temeke, Dar es Salaam, na vituo vya kanda kama Iringa, Arusha na Mwanza. Mtaalamu huchukua damu kutoka kwa nguruwe wenye homa ambao bado wako hai, na kwa mzoga hukata vipande vya bandama, tezi, figo na pafu. Bandama ya mnyama aliyekufa kwa homa hii mara nyingi huwa imevimba kupita kiasi, nyeusi, na hupondeka vidoleni. Sampuli hufungwa mara mbili, huandikwa tarehe, kijiji na namba ya mnyama, kisha huwekwa kwenye kasha lenye barafu. Kazi hiyo si ya mfugaji. Kuupasua mzoga mwenyewe ili aone ndani kuna nini humwaga damu yenye virusi kwenye udongo, na mbwa na kuku hukamilisha kilichobaki. Kinachotakiwa kwake ni kuufunika mzoga, kuwazuia wanyama wengine wasiukaribie, kutohamisha nguruwe yeyote, na kuwa na majibu ya maswali yatakayoulizwa: nguruwe wa mwisho alinunuliwa lini na wapi, dume alitoka kwa nani, makombo yanatoka hoteli gani, nani ameingia bandani ndani ya wiki tatu zilizopita. Daftari la kawaida la shule linatosha kwa kumbukumbu hizo. Wachache sana wanalo.

Ugonjwa ukithibitishwa, na mara nyingine ukishukiwa tu, eneo huwekwa karantini. Nguruwe hawaingii wala kutoka, minada ya nguruwe husimamishwa, na uchinjaji huzuiwa au husimamiwa. Nje ya karantini pia nguruwe hawasafirishwi kiholela: kibali cha kusafirisha mifugo hutolewa baada ya mtaalamu kuwaona wanyama, na gari linaweza kusimamishwa kizuizini likaulizwa karatasi. Anayenunua nguruwe wa kunenepesha kwa ajili ya Desemba ana haki ya kuomba kuiona karatasi hiyo kabla ya kutoa pesa. Muuzaji anayeshusha bei ghafla na kutaka biashara iishe usiku ni wa kuogopwa kuliko mwenye bei kubwa.

Kasoro kubwa ya mpango huu iko hapa, na ni afadhali itajwe. Mfugaji mwenye nguruwe sita akitoa taarifa hana uhakika wa kulipwa fidia, ilhali akiwauza haraka kabla hawajafa anaokoa ada ya shule. Ndiyo maana bei huporomoka katika kijiji chenye ugonjwa siku chache kabla serikali haijajua, na nyama ya bei nafuu hutapakaa hadi vijiji vya jirani. Faini na karantini peke yake hazitaondoa kishawishi hicho. Penye vikundi vya wafugaji vyenye mfuko wao, hata wa akiba ndogo tu ya kumshika mkono aliyepoteza banda, taarifa ina nafasi nzuri zaidi ya kutolewa mapema. Na anayeuza wagonjwa hajiokoi kwa muda mrefu: virusi hubaki bandani kwake, na vitoto atakavyonunua Januari vitakufa palepale.

Kinga ya banda ni nusu ya pili ya ufuatiliaji. Banda lenye uzio na mlango unaofungwa, viatu vya bandani visivyotoka nje, na beseni la dawa mlangoni huzuia mengi. Dawa hiyo haifanyi kazi kwenye matope na kinyesi; viatu husuguliwa kwanza. Kwa sakafu na kuta, gramu 8 za kostiki soda katika lita moja ya maji, zikiachwa dakika 30, huua virusi, ila anayeshika kostiki avae glavu na buti. Makombo ni bora yasitumike kabisa. Wanaoyategemea wanatakiwa kuyapika katika nyuzi 90 kwa saa nzima huku yakikorogwa, na kuni za kazi hiyo zikihesabiwa, pumba na mashudu huenda yakawa nafuu. Mchuuzi na mchinjaji wabaki nje ya uzio. Nguruwe atolewe nje na mwenye banda. Nguruwe mgeni akae peke yake wiki tatu kabla ya kuchanganywa na wengine. Nyufa za mabanda ya udongo zizibwe, kwa kuwa papasi hujificha humo.

Baada ya mlipuko, mizoga na nguruwe waliobaki huondolewa kwa maelekezo ya mtaalamu, kwa kuzikwa kwa kina au kuchomwa. Banda husafishwa, hupigwa dawa na kuachwa tupu; siku 40 ni kipimo kinachopendekezwa mara nyingi. Kisha huingizwa nguruwe wachache wa majaribio, kama sehemu moja ya kumi ya idadi ya zamani, na kuangaliwa kila siku kwa wiki sita. Mwenye haraka ya kujaza banda lote kwa ajili ya Pasaka ndiye anayeanzisha mlipuko wa pili.

Mpango mwingine wa afya ya nguruwe unahusu tegu, na huu unamgusa binadamu moja kwa moja. Mtu mwenye minyoo ya tegu hutoa mayai kwenye choo kikubwa. Nguruwe anayezurura huyala, na vijipovu vyeupe vya ukubwa wa punje ya mbaazi hukaa kwenye misuli yake. Mtu akimeza mayai hayohayo, vijipovu vinaweza kukaa ubongoni na kuleta kifafa. Watafiti wameufuatilia ugonjwa huu kwa miaka mingi Mbulu na katika wilaya za Mbeya na Mbozi. Hatari hufuata msimu: nguruwe hufungwa wakati mazao yako shambani, kisha huachiwa baada ya mavuno, miezi ambayo mashamba ndiyo choo cha wengi.

Mkaguzi wa nyama hutafuta vijipovu hivyo kwa kukata ulimi, moyo, kiwambo na misuli ya bega. Nguruwe anayechinjwa nyuma ya nyumba hapiti kwenye kisu hicho. Wanunuzi vijijini huchunguza ulimi wa nguruwe aliye hai, lakini ulimi safi hauthibitishi kuwa mwili ni safi. Dawa ya oksfendazoli, miligramu 30 kwa kila kilo ya uzito, huua vijipovu vilivyo kwenye misuli, na daktari wa mifugo ndiye anayetaja siku za kusubiri kabla ya kuchinja. Kugandisha nyama katika nyuzi 15 chini ya sifuri kwa siku tatu huua vijipovu pia. Kwa homa ya nguruwe ya Afrika barafu hufanya kinyume: huvihifadhi virusi kwa miaka, na nyama iliyotoka kwenye friji huweza kuambukiza banda kama iliyochinjwa jana.